Kutu, Mawese na Misumari ya Mulongwe

Boti ya mbao haifi kwa mbao. Ukipita asubuhi ufuoni Mulongwe, hapa Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, ndakala (dagaa wetu) wakiwa wamekwisha kupakuliwa na boti zimelazwa mchangani, inama utazame kando ya misumari. Utaona weusi unaoshuka kutoka kila kichwa cha msumari. Bonyeza mbao kwa kidole gumba hapo penye weusi. Ikilainika, boti hiyo imekwisha kuugua, hata kama ubao wenyewe ukigongwa katikati bado unalia kwa nguvu. Kutu haili chuma peke yake. Chuma kinapopata kutu ndani ya mti uliolowa, chumvi zake hukutana na tanini ya mti, ndipo weusi ule unapotokea, na polepole nyuzi za mbao hukatika. Tundu linapanuka, msumari unaanza kucheza, pamba ya kuziba inatoka, maji yanaingia. Halafu siku ya upepo mkali watu husema ziwa limeua. Mara nyingi aliyeanza kuua ni msumari, miaka kadhaa kabla.

Nasema haya kama mwalimu wa kemia wa hapa Uvira, na kama binti wa fundi. Marehemu baba alijifunza kazi ya chuma kwenye karakana ya meli huko Kalemie, mji ukiitwa bado Albertville. Baadaye alihamia Mulongwe, akaunda boti za mbao hadi macho yalipomkatalia. Alinifundisha kitu ambacho nilikuja kukielewa vizuri zaidi chuoni: kwamba chuma ni mgeni katika ziwa hili, na kila kizazi kilichokiingiza majini kililazimika kutafuta namna ya kukitunza. Historia hiyo ni fupi kuliko tunavyodhani, na tunaisahau upesi kuliko tunavyopaswa.

Aprili 1858, wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira wakitafuta Mto Rusizi, walikuja kwa mitumbwi ya kuchongwa. Mitumbwi hiyo ilitoka katika miti mikubwa ya milima ya Ugoma, ng'ambo ya Ujiji, upande wetu wa magharibi. Gogo moja, shoka, tezo na moto. Hakuna msumari hata mmoja. Uvira ilikuwa tayari soko kubwa: pembe za ndovu, watumwa, nafaka, nguo za magome ya miti, na vyombo vya chuma. Kwa hiyo chuma kilikuwepo. Kilikuwa majembe, mikuki na visu, kazi ya wahunzi wa nchi hizi. Kilipanda ndani ya mtumbwi kama abiria, kikashuka kikavu. Mtumbwi wenyewe haukukihitaji.

Mwezi wa Machi, kabla ya safari yao hiyo ya kaskazini, Speke alikuwa amevuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, amwazime jahazi lake. Hakulipata. Kwangu mimi jahazi hilo lina uzito kuliko safari yenyewe, kwa sababu linatuonyesha kwamba mbao zilizounganishwa, kwa ufundi wa pwani, zilikuwa zimekwisha kufika Tanganyika. Na ufundi wa pwani ulikuwa na elimu ya kale kuhusu chuma. Katika visiwa vya Lamu mafundi waliunda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila chuma chochote. Waliotumia misumari katika majahazi yao hawakuipiga mikavu: walitoboa tundu kwanza, wakazungushia msumari pamba au nyuzi zilizolowa mafuta, ndipo wakaugongomea. Mafuta yanazuia maji, nyuzi zinajaza nafasi, na chuma kinalala ndani kama kimevishwa. Baba alifanya hivyohivyo, ila mafuta yake yalikuwa mawese. Naamini kabisa kwamba desturi hiyo ilipanda kutoka pwani pamoja na majahazi, ikabadili mafuta ilipokutana na michikichi ya Baraka, Fizi na Rumonge.

Miongoni mwa vyombo vya kwanza vyenye mwili wa chuma ni kile cha mwaka 1885, kusini mwa ziwa, wamisionari wa London Missionary Society walipoteremsha majini meli yao ndogo ya mvuke, Good News. Iliundwa Uingereza, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa Mto Zambezi na Shire, kisha kwa Ziwa Nyasa, kisha juu ya vichwa na mabega ya watu. Tangu hapo ziwa likawa na aina mpya ya chombo, na aina mpya ya kazi: kukwangua kutu, kupaka rangi, kubadili ribiti. Wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa pande hizi, na majina yao hayakuandikwa popote.

Lakini somo kubwa kuliko yote la kuzuia kutu katika ziwa hili lilitolewa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, mwaka 1913. Ilifunguliwa, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, na kuungwa tena kwa ribiti mbele ya ziwa. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa mafundi watatu waliotumwa na karakana ileile: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliingia majini. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Wabelgiji wakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliamriwa kuizamisha ili adui asiipate.

Kuzamisha meli ni rahisi: unalipua, basi. Mafundi wale hawakulipua. Walipaka mitambo grisi nzito, tabaka juu ya tabaka, wakajaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaiteremsha taratibu chini ya maji karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, kwenye kina cha takriban mita 20. Walikuwa na nia kwamba siku moja ingeinuliwa.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini walijisumbua, ikiwa chini ya maji hakuna hewa. Hapo ndipo kina cha mita 20 kinapokuwa na maana. Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470, na kwa upande huu wa kaskazini, ukishuka kama mita 100 hivi, oksijeni inakwisha; kule chini maji hayachanganyiki na ya juu. Lakini kwenye mita 20 oksijeni ipo tele, samaki wanapumua, na chuma kinapata kutu. Kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja, maji na oksijeni, na pale meli ilikuwa navyo vyote viwili. Kitu pekee kilichosimama kati ya ziwa na mitambo ile kilikuwa grisi.

Wabelgiji waliiinua meli wakaivuta hadi Kigoma, nayo ikazama tena mwaka 1920. Waingereza waliiinua upya Machi 1924. Karibu miaka minane ilikuwa imepita tangu ipakwe grisi, na mitambo pamoja na matangi ya mvuke vilikutwa bado vinafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na injini zilezile za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970. Baba, aliyekuwa amewahi kuingia chumba cha mitambo cha Liemba akiwa kijana, alikuwa akiitaja kila alipomwona mwanafunzi wake wa kazi anapiga msumari mkavu. "Wale walikuwa wanakimbia vita," alimwambia, "na bado walipata wakati wa kupaka. Wewe unakimbia nini?"

Huko Kalemie alijifunza mpango wa kazi ambao hakuuacha hata alipohamia kwenye mbao. Kwanza unagonga kutu kwa nyundo ndogo yenye ncha mpaka chuma kionekane cheupe. Kisha unasugua kwa brashi ya waya, unafuta vumbi, unasubiri jua likaushe kabisa. Baadaye unapaka rangi nyekundu ya risasi, ile iliyokuwa ikitumika duniani kote kwenye meli za chuma, na juu yake rangi ya kumalizia. Rangi ya risasi ilikuwa sumu; mafundi wa wakati huo waliivuta bila kinga yoyote, na ni vizuri kwamba leo imeachwa mahali pengi. Lakini mpango wenyewe bado ni sahihi. Rangi inayopakwa juu ya kutu inaifungia kutu ndani pamoja na unyevu wake, nayo kutu inaendelea kula kwa siri. Nimeona boti nyingi zimerembwa kwa rangi ya buluu na majina mazuri, na chini ya buluu hiyo vichwa vya misumari vimekuwa unga.

Mabadiliko makubwa kwa upande wetu yalikuja miaka ya 1950. Wavuvi wa Kigiriki walileta nyavu kubwa za kuzungusha na taa za presha, na uvuvi wa usiku wa ndakala na samaki aina ya mukeke ukawa biashara. Zikaja pia zile boti mbili zilizofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa katikati. Ghafla ufuo ulihitaji boti nyingi za mbao, haraka, na kila boti ilihitaji misumari kwa kilo, bulo (bolti) za kushikia mbavu, bamba za pua, pete za kamba. Mtumbwi wa gogo ulikuwa hauna cha kuoza isipokuwa mti. Sasa chombo cha maskini nacho kilikuwa na chuma mwili mzima, lakini hakikuwa na karakana ya kukitunza. Kilikuwa na ufuo, moto wa kuni na chupa ya mawese.

Mawese, basi. Baba aliyachemsha kwanza mpaka yaache kutoa sauti, maana sauti ile ni maji yanayotoka. Aliyaacha yapoe, akatumbukiza misumari humo usiku kucha, na asubuhi akaizungushia pamba. Hakukubali mawese yaliyochacha. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni usafi tu. Chuoni nikajua sababu: mafuta yakikaa muda mrefu yanavunjika na kuzaa asidi, na asidi hiyo inakula chuma, na hata shaba inaila na kuiacha na ukijani. Mafuta mazuri yanalinda, mafuta mabovu yanasaidia kutu. Ufundi wake ulikuwa kemia ambayo haikuwahi kuandikwa kwa chaki.

Njia ya pili ya kulinda chuma haifuniki, inatoa sadaka. Mwaka 1824 Humphry Davy wa London, akichunguza shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza, aligundua kwamba ukiiunganisha na kipande kidogo cha zinki au chuma, kipande hicho kinaliwa, nayo shaba inabaki. Mwaka 1837 Stanislas Sorel huko Ufaransa akapata hati ya ubunifu wa kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Kazi ya Sorel iko juu ya vichwa vyetu: manjanja ya paa za nyumba za Mulongwe ni chuma kilichochovywa hivyo, na misumari mizuri ya boti pia. Zinki ikikwaruzwa, bado inakubali kuliwa badala ya chuma kilicho jirani yake. Ndiyo tofauti kubwa kati ya msumari uliochovywa katika zinki na debe la mafuta ya kupikia lililofunikwa kwa bati. Bati linafunika tu. Likikwaruzwa mahali pamoja, chuma cha chini kinaliwa upesi kuliko kama kingeachwa peke yake. Madebe ya msaada yaliyokunjuliwa yamekuwa viraka vya boti nyingi tangu miaka ya vita vya 1996. Najua kwa nini, watu hawakuwa na kingine. Lakini kiraka cha debe kilichopigiliwa kwa misumari ya zinki huanza kazi yake kwa kuila misumari iliyokishika.

Darasani naonyesha jambo hili kwa chupa tatu za maji yaliyotekwa ziwani. Katika ya kwanza naweka msumari mtupu uliosuguliwa. Katika ya pili, msumari uliozungushiwa waya wa shaba. Katika ya tatu, msumari uliozungushiwa ukanda wa zinki niliokata kwenye ganda la betri kuukuu la tochi, baada ya kuondoa unga mweusi na kunawa mikono vizuri. Baada ya siku chache tu, msumari wenye shaba umegeuza maji kuwa rangi ya chai. Ule mtupu unafuata nyuma. Wenye zinki unabaki safi, huku ukanda ukianza kufanya ukungu mweupe. Watoto wa wavuvi hunyamaza kwanza, kisha huanza kutaja boti: ya fulani ina waya wa shaba kwenye pua, ya baba ina bamba la sufuria karibu na bulo. Wanakwenda nyumbani wakiwa na maneno ya kumwambia mzee, kwa heshima, na wazee wengine wamesikia. Mmoja amekata mpira wa ndani wa tairi akauweka kati ya bamba na bulo ili metali mbili zisigusane. Hiyo ni hekima kamili: panapokosekana mguso, umeme mdogo unaoanzisha ulaji hauna njia ya kupita.

Watu hubisha kwamba ziwa letu ni maji baridi, kutu ni tatizo la bahari. Ni nusu ya ukweli. Lita ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi. Lita ya Tanganyika ina zaidi kidogo ya nusu gramu. Tena maji ya juu yana pH karibu 9, hali inayopunguza kasi ya kutu, na ndiyo sababu mojawapo bamba za Liemba zimevuka karne. Hata hivyo nusu gramu hiyo si kitu cha kudharau. Rusizi inaleta madini kutoka Ziwa Kivu, maji yaliyopita katika nchi ya volkeno, na hayo yanatosha kupitisha umeme kati ya metali mbili. Lakini adui mkubwa zaidi hayuko nje ya boti. Yuko ndani, katika maji yanayolala tumboni mwake: mvua iliyochanganyika na damu ya samaki, mkojo, majivu, na chumvi inayovuja kwenye magunia. Kwa karne nyingi chumvi ya Uvinza imesafirishwa kuvuka ziwa hili, na boti iliyopakia chumvi bila kuoshwa inaikuta bahari tumboni mwake. Ndiyo maana misumari ya sakafuni na kwenye mbavu hufa kabla ya ile ya nje iliyoko majini wakati wote. Anayesugua boti nje na kusahau tumbo amesugua upande ambao ziwa lenyewe lilikuwa likiusaidia.

Elimu hii ilipungua kwa sababu zinazojulikana. Karakana zilikosa vipuri, mafundi walizeeka, vita vilivyofika Uvira Oktoba 1996 vikawatawanya waliobaki. Kisha maji yenyewe yakatuandama. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Miaka hiyo hiyo ziwa nalo lilipanda, likameza nyumba za ufuoni na kuingia bandari ya Kalundu. Baada ya mafuriko niliona vijana wakichambua misumari katika mabaki ya paa, wakiinyoosha juu ya mawe, na kuiuza kwa waunda boti. Siwalaumu hata kidogo. Walikuwa wamepoteza kila kitu. Lakini msumari uliopindwa na kunyooshwa umepasuka ngozi yake ya zinki mahali palepale ulipopindika, na ndipo kutu huanzia. Umaskini wa nyumba ulihamia ndani ya boti, na boti hizo zinabeba watu.

Ninachokitetea si kurudi kwenye mtumbwi wa gogo, wala si kuwaambia wavuvi wanunue bulo za Ulaya. Ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa ufuo huu, yaliyofanywa hapa na watu tuliowajua. Msumari mpya wa zinki kwa sehemu zilizo chini ya maji, na ule wa kunyoosha utumike kwenye viti na paa la kivuli. Mawese mapya yaliyochemshwa, na pamba. Mpira kati ya metali zisizofanana. Tumbo la boti lioshwe kwa maji ya ziwa kila likipakuliwa, hasa likibeba chumvi. Mara moja kwa mwaka, boti ipinduliwe juani, misumari ikaguliwe mmoja mmoja, uliocheza ung'olewe na tundu lizibwe kwa kigingi cha mti kabla ya kupigwa mwingine pembeni. Kamati za wavuvi zinazokagua nyavu na kukusanya michango zina uwezo wa kukagua misumari pia, na shule za Uvira zina walimu na chupa tatu.

Mafundi watatu wa Papenburg walitunza mitambo kwa ajili ya himaya iliyokuwa inashindwa, na kazi yao ikawahudumia abiria wa Kigoma na Mpulungu kwa vizazi. Mafundi wetu wanatunza boti zinazowabeba mama zao wenyewe na mizigo yao ya ndakala. Mtu anayesimama Mulongwe akingoja boti ya kwenda Baraka ana haki ya kuuliza misumari yake ilikaguliwa lini, na mwenye boti anadaiwa jibu kabla ya kupokea nauli.